Mnara wa Gossage: Namna Maji Yalivyoikamata Asidi

Hadi miaka ya 1830, viwanda vya magadi nchini Uingereza vilikuwa na dawa moja kuu ya moshi wa asidi: kurefusha dohani. Mbinu yao, iitwayo ya Leblanc, ilianza kwa kuimwagia chumvi asidi ya salfuriki tanurini, na kila tani ya chumvi ilitoa zaidi ya kilo 600 za gesi ya haidrojeni kloridi. Dohani ndefu haikuipunguza gesi hiyo hata kidogo. Iliisambaza tu, ikaunguza miti na mazao ya watu wa mbali zaidi.

Mwaka 1836, William Gossage, mwenye kiwanda huko Stoke Prior, Worcestershire, alichukua kinu cha upepo kilichoachwa, akakijaza matawi na vichaka, akatiririsha maji kutoka juu na kuingiza gesi kwa chini.

Maji kunywa gesi hii halikuwa jambo geni. Katika joto la kawaida, lita moja ya maji humeza zaidi ya lita 400 zake. Taabu ilikuwa mahali pa kukutania. Gesi ikipita juu ya bwawa la maji, ni tabaka jembamba tu linaloguswa, na sehemu kubwa hujiendea zake. Vichaka viliyafanya maji yawe utando mwembamba juu ya maelfu ya vijiti. Baadaye vijiti vikaacha nafasi kwa makaa ya koki, yasiyoliwa na asidi. Piga hesabu: mita moja ya ujazo iliyojazwa vipande vya mviringo vyenye kipenyo cha sentimita 5 ina zaidi ya mita 70 za mraba za kulowana, na bado karibu theluthi moja au zaidi ya nafasi hubaki wazi kwa gesi kupita.

Lakini ninachokistahi zaidi ni ule mwelekeo wa kupishana. Huko juu, gesi iliyokwisha kupungua hukutana na maji safi, ambayo yana uchu wa kuinyonya hata mabaki. Huko chini, gesi nzito hukutana na maji yaliyokwisha kuwa asidi, na bado ina nguvu ya kuyaongezea ukali. Kwa hiyo mnara mmoja unatoa hewa safi juu na asidi kali chini. Vikielekea upande mmoja, gesi na maji vingechoshana njiani na kutoka vyote viwili nusunusu.

Kimo nacho kina hesabu yake. Tuseme kila mita huondoa nusu ya gesi inayoingia humo. Mita 5 zitaacha takriban 3 kwa 100. Mita 10 zitaacha 1 kwa 1,000. Sheria ya Uingereza ya 1863 ya kudhibiti gesi hiyo ilidai asilimia 95 tu ikamatwe, na Robert Angus Smith, mkaguzi wake wa kwanza, alikuta viwanda vinaweza kuivuka. Kasoro ilikuwa kwenye asilimia yenyewe: kiwanda kikipanuka, ile 5 iliyoruhusiwa nayo hupanuka. Ndipo sheria ya 1874 ikaweka kikomo cha ukolezi, chini kidogo ya nusu gramu kwa kila mita ya ujazo ya gesi inayotoka.

Hesabu hiyo ya kimo husimama mambo mawili yakiangaliwa. Kwanza, gesi inapoyeyuka hutoa joto jingi, na maji ya moto huitapika. Lazima ipoozwe kabla ya kufika mnarani. Pili, maji hupenda kukimbilia ukutani, yakaacha vipande vya katikati vikavu. Mnara mrefu wenye katikati kavu ni dohani tu. Wasanifu wa leo hugawa maji juu kwa sehemu nyingi, huyakusanya na kuyagawa upya kila baada ya mita chache, na huhakikisha kipande hakizidi takriban sehemu moja ya nane ya upana wa mnara. Gesi nayo isisukumwe kwa kasi mno, maana itayazuia maji yasishuke na mnara utafurika.

Mwanzoni asidi iliyokamatwa ilimwagwa mitoni, na ikikutana na taka nyingine za Leblanc ilizalisha harufu ya mayai viza. Iliacha kumwagwa pale ilipopata soko: klorini yake ikatengenezea unga wa kung'arishia vitambaa na karatasi, na wenye viwanda wakaanza kuitafuta hata ile asilimia ya mwisho.