Namba tatu za mwaka 1969 na mbwa jike wa Butembo

Kila anayesomea udaktari wa mifugo hukariri namba tatu: 0.5, 8 na 26. Mbwa jike akitolewa ovari kabla ya joto lake la kwanza, hatari ya saratani ya matiti hubaki asilimia 0.5, baada ya joto la kwanza, asilimia 8, baada ya la pili au zaidi, asilimia 26. Butembo ina kitivo cha udaktari wa mifugo katika Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, kilichoanzishwa mwaka 1989, na madaktari wa huko na wa Beni hukutana na majike wanaolinda parseli usiku. Inafaa tuzifungue namba hizo, maana husomwa vibaya.

Zilitoka California. Schneider, Dorn na Taylor walichukua mbwa 87 wenye saratani ya matiti, wakawalinganisha na 87 wasio nayo, wakaangalia kila mmoja alitolewa ovari akiwa na umri gani. Matokeo yakachapishwa mwaka 1969. Basi asilimia 26 si idadi ya mbwa watakaougua. Ni sehemu ya hatari inayobaki, ukimpima jike aliyetolewa ovari kwa jike ambaye hajaguswa. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba kati ya majike 100 wasioguswa 10 wangeugua: asilimia 26 ya hao ni wawili au watatu. Daktari anayemwambia mwenye mbwa kwamba robo ya majike waliochelewa watapata saratani anamtisha bure.

Kuna udhaifu mwingine. Wagonjwa 87 wakigawanywa kufuata umri wa upasuaji, kila fungu hubaki na mbwa wachache, na mbwa mmoja tu akihama fungu, asilimia hubadilika sana. Mwaka 2012 Beauvais na wenzake, nchini Uingereza, walipitia ripoti 13 za suala hili. Tisa walizikuta na hatari kubwa ya upendeleo, nne zilizobaki hatari ya wastani. Wakahitimisha kwamba ushahidi ni dhaifu.

Je, tuache kutoa ovari mapema? Mimi nasema hapana. Kila joto linapokuja, estrojeni na projesteroni huamsha chembe za matiti zikue na kugawanyika, na sindano za homoni za kuzuia joto, zenye dawa za jamii ya projesteroni, zinajulikana kuongeza uvimbe wa matiti. Mwelekeo ni ule ule. Kipimo kamili ndicho cha kutiliwa shaka. Tena joto la kwanza huja kati ya miezi sita na mwaka kwa mbwa wengi, kwa hiyo nafasi ni fupi. Sindano ya kichaa cha mbwa, ambayo hutolewa tangu miezi mitatu, ni wakati mzuri wa kupanga tarehe ya upasuaji na mwenye mbwa. Kwa mbwa wakubwa wa mwili daktari apime pia athari kwa viungo na uwezo wa kuzuia mkojo.

Na uvimbe ukishatokea? Hapa Butembo na Beni hazijaachwa nyuma kama inavyodhaniwa. Hata katika hospitali tajiri za ng'ambo, tiba kuu ya saratani hii ni kisu. Faida ya dawa za kemo kwa mbwa bado haijathibitishwa vizuri. Kinachoamua ni ukubwa. Uvimbe usiofika sentimita 3 una matumaini kuliko uliopita 5, na rula inapatikana kila mahali. Mbwa ana jozi tano za matiti kwa kawaida, na mbili za nyuma ndizo zinazoshambuliwa zaidi. Daktari apapase jozi zote, kisha tezi za limfu za kwapani na za kinena, na mapafu yapigwe picha kabla ya kukata panapowezekana. Anapotoa titi la tano, atoe na tezi ya kinena iliyo karibu nalo, na afunge vizuri mshipa mkubwa unaopita hapo, maana ukiponyoka damu hutoka nyingi. Kilichokatwa kitiwe kwenye formalini ya asilimia 10 kipelekwe maabara: karibu nusu ya uvimbe wa matiti ya mbwa si saratani, na jicho haliwezi kutofautisha.

Hali moja huzuia kisu. Matiti yakiwa mekundu, ya moto, magumu na yenye maumivu, kwa jike asiyenyonyesha, inaweza kuwa saratani ya uchochezi, ambayo hufanana na ugonjwa wa kuvimba matiti. Kuikata huongeza mateso tu. Mbwa huyo apewe dawa za maumivu.

Jike mzee mwenye uvimbe hajakosa kila kitu. Schneider hakuona kinga kwa waliotolewa ovari baada ya miaka miwili na nusu, lakini Kristiansen na wenzake, mwaka 2013, walifuatilia mbwa waliotolewa uvimbe usio saratani. Waliotolewa na ovari pia, asilimia 36 walipata uvimbe mpya. Walioachiwa ovari, asilimia 64. Basi zitoke siku hiyohiyo, tena zitangulie, ili vifaa vilivyogusa uvimbe visiingize chembe zake tumboni.