"Kuyeyuka": Neno Moja, Mambo Mawili

Mswahili husema barafu imeyeyuka juani, na sukari imeyeyuka chaini. Katika mazungumzo hapotei mtu. Apoteaye ni mwanafunzi wa kemia.

Zichukuliwe anthrasini na fenanthrini. Fomyula yao ni moja, C14H10, lakini ya kwanza hugeuka kioevu kwenye nyuzi 216 hivi za Selsiasi, na ya pili kwenye 100 hivi. Zikitiwa katika tolueni bila kupashwa moto, fenanthrini huingia kwa wingi, anthrasini kidogo mno. Fuwele iliyo ngumu kuvunjwa na joto ni ngumu pia kuvunjwa na kioevu. Kwa hiyo vipimo vya Hansen vya mwaka 1967, vinavyohusu mvutano wa molekuli, havitoshi peke yake kutabiri kiasi kitakachoingia. Kanuni hiyo ikiandikwa kwa neno lililozoeleka, husomeka hivi: "Kiyeyukacho kwa shida huyeyuka kwa shida." Elimu imegeuka mzaha.

Watetezi wa neno hilo hudai kwamba muktadha hutosha kulifafanua. Hautoshi, maana hapa maana zote mbili zimo katika sentensi moja. Neno "kumumunyika" lipo, nalo latokana na kumumunya, yaani kufyonza kitu kinywani hadi kiishe taratibu. Wapo walichekao kuwa ni neno la vibogoyo. Wasichokiona ni kwamba kinywani mna kioevu, wala hamna moto. Tofauti inayotafutwa ndiyo hiyo. "Kuyeyuka" na kubakie kwa barafu, samli na nta, na kwa anthrasini iwapo jikoni.