Moyo wa Nguruwe Katika Kifua cha Mwanadamu: Tunavyozisoma Tafiti za Daktari Muhammad Mohiuddin

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, mzee mmoja alitujia Shinyanga kutoka machimboni Geita. Binti yake ameambiwa na madaktari kuwa mlango mmoja wa moyo umeharibika na hauna budi kubadilishwa. Mzee akasikia kuwa katika milango inayowekwa imo ya nguruwe. Imamu wa kwao akamjibu neno moja tu, haramu, na binti akarudishwa nyumbani. Swali hilo ndilo lililotupeleka kuzisoma tafiti za Daktari Muhammad Mohiuddin, Muislamu aliyesomea udaktari Karachi, Pakistan, na mtafiti katika Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani.

Utafiti wake uliotoka mwaka 2016 katika jarida la Nature Communications ulihusu mioyo ya nguruwe waliobadilishwa jeni, iliyopandikizwa kwa nyani watano. Mmoja katika mioyo hiyo ulidumu siku 945. Msomaji asipite haraka hapa. Mioyo ile iliwekwa tumboni, na moyo wa nyani mwenyewe ukabaki kifuani ukisukuma damu. Mtafiti amelisema hilo waziwazi. Walioisimulia habari ndio walioliacha.

Kisha tarehe 7 Januari 2022, yeye na mpasuaji Bartley Griffith walimwekea mgonjwa wa miaka 57 moyo wa nguruwe aliyefanyiwa mabadiliko kumi ya jeni. Alifariki tarehe 8 Machi. Ripoti yao katika New England Journal of Medicine, mwaka huohuo, haikuficha kwamba vilionekana viashiria vya kirusi cha nguruwe. Mgonjwa wa pili alipandikizwa tarehe 20 Septemba 2023, akafariki tarehe 30 Oktoba.

Katika kurasa hizo hakuna mjadala wa najisi, wala hatumlaumu, jarida la tiba si mahali pake. Kazi hiyo ni yetu, nasi tumechelewa. Tunaowalaumu ni baadhi ya wasemaji wetu wanaosema kuwa maadamu Muislamu kafanya, mlango umefunguliwa. Kitendo cha daktari si dalili ya kisheria.

Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) katika Minhaj ameshaligusa jambo hili kwa mfano wa mfupa. Aliyeunga mfupa wake kwa kitu najisi kwa kukosa kilicho twahara, huyo ana udhuru. Sharti ni kukosekana kwa badili. Na aya ya 173 ya Suratul Baqara imemwondolea dhambi aliyelazimika, si aliyetamani. Tena tiba iwe inatarajiwa kufaa, kwa kauli ya tabibu mwaminifu. Moyo uliowapa wagonjwa wawili miezi miwili na wiki sita, kwa rai yetu, ungali majaribio. Hatumwambii Muislamu autegemee kama tiba.

Lakini mlango wa moyo si moyo mzima, na hapa imamu wa Geita amekosea. Mingi katika maradhi haya kwetu huanza na maambukizi ya koo utotoni ambayo penisilini ingeyatibu. Mlango ukishaharibika, ipo ya chuma, ipo ya ng'ombe, ipo ya nguruwe. Wa chuma ni twahara na hudumu, ila mwenye nao hutumia warfarini maisha yake yote, na damu yake hupimwa mara kwa mara. Nani atampimia katika kijiji cha wachimbaji? Na kwa mwanamke anayetaraji kuzaa, dawa hiyo huhatarisha mimba. Mlango wa mnyama hauhitaji hayo kwa muda mrefu, lakini kwa kijana huchakaa mapema, naye hupasuliwa tena. Wa ng'ombe ukipatikana, wa nguruwe hauna nafasi, hata kama ng'ombe huyo hakuchinjwa kisheria, kwani najisi ya nyamafu ni nyepesi kuliko ya nguruwe.

Ipo pia heparini, dawa inayozuia damu kuganda mgonjwa anapounganishwa na mashine ya moyo. Nyingi hutengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe. Wangapi wamekataa mlango, na heparini imeshapita mishipani mwao bila mtu kuuliza?

Mzee tulimwambia amrudishe binti hospitalini, aulize mambo matatu: kama wa ng'ombe upo, kama vipimo vya warfarini vitapatikana karibu na kwao, na daktari anasemaje kuhusu uzazi wake. Kama baada ya majibu hayo hapana budi ila wa nguruwe, auweke. Swala yake ni sahihi, na akifa nao haung'olewi. Ataoshwa na kusaliwa kama Waislamu wenzake. Imamu wake tumemwandikia barua.

Wallahu aalam.