Ubao Ndani ya Simu: Kazi za Darasani kwa WhatsApp Mjini Uvira

Matumizi ya mitandao ya kijamii katika ufundishaji husifiwa mara nyingi kuwa ni mageuzi. Sifa hiyo yafaa ichunguzwe mahali ambapo mageuzi yenyewe yaliletwa na dharura. Mjini Uvira dharura zilikuwa mbili kwa pamoja. Mwezi Machi 2020 serikali ya Kongo ilifunga shule zote kwa sababu ya UVIKO-19; kisha, usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili, mto Mulongwe ulifurika, ukabomoa nyumba, ukaua makumi ya watu na kuwaacha maelfu bila makazi. Penye nyumba kubomoka, madaftari nayo yalikwenda na maji. Kwa aliyebaki na simu, WhatsApp ikawa darasa.

Darasa la namna gani? Kazi ya kawaida ya aina hii ni picha ya ukurasa wa kitabu, maswali machache kwa Kifaransa, na saa ya mwisho ya kurudisha majibu. Chombo ni kipya. Ufundishaji ni ule ule wa ubaoni, mwalimu anaandika na mwanafunzi ananakili. Kwa hakika umezidi kuharibika, kwani mbele ya ubao mwalimu humwona anayechungulia kwa jirani, ilhali katika kundi la simu jibu la kwanza huwa jibu la wote.

Lenye thamani hutokea pembeni. Wanafunzi huulizana kwa ujumbe wa sauti, na huulizana kwa Kiswahili. Mmoja ataka kujua neno la Kifaransa lina maana gani. Mwenzake hujibu kwa mfano wa mashua za Kalundu au bei ya ndagala sokoni, na somo laeleweka. Ujumbe huo haupewi alama yoyote, na pengine mwalimu hausikilizi kabisa. Katiba ya 2006 yakitambua Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, lakini katika zoezi hili kinafanya kazi ya mtumwa: kinabeba maarifa hadi mlangoni, kisha kinaachwa nje.

Dawa yake haipatikani kwa kuwakosoa wanafunzi kila wasemapo "batoto". Umbo hilo lina kanuni zake, na mwanaisimu apaswa kuwa wa kwanza kulitetea. Zoezi bora lingekuwa kumtaka mwanafunzi aandike maneno ya ujumbe mmoja wa sauti kama yalivyotamkwa, ayaweke katika Kiswahili sanifu, kisha katika Kifaransa, na aeleze kilichobadilika njiani. Zoezi la namna hiyo halinakiliki kwa urahisi.

Mkutubi naye amesahauliwa. Katika shule nyingi hupewa funguo za kabati (kabati lenyewe likiwa karibu tupu) na si zaidi. Ilhali yeye ndiye aliyefunzwa kuuliza chanzo. Picha ya mafuriko ikizunguka katika simu, ni kazi ya mkutubi kuwauliza wanafunzi: huu ni Mulongwe au Kavimvira? Imepigwa lini? Kilima kile nyuma ni cha mji gani? Ziwa Tanganyika lilipopanda tena mwaka 2024 na kuingia katika nyumba za ufukweni, maswali hayo yalikuwa ya lazima, kwani picha ya mwaka mmoja hugeuzwa kwa urahisi kuwa habari ya mwaka mwingine.

Kuna jambo zito kuliko yote hayo. Intaneti ilikatwa nchini kote tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, ikarudi baada ya karibu siku 20. Somo linaloishi ndani ya simu peke yake hufa kwa amri ya siku moja. Tena hufa kila siku, bila amri, katika nyumba ambayo mama hupima kati ya mega na unga wa muhogo. Alama zitolewazo kwa kazi hiyo hupima mfuko wa mzazi kabla ya akili ya mtoto. Kwa hiyo kila kazi itumwayo kwa simu iwe na nakala ya karatasi kwa mkutubi, na asiye na simu aruhusiwe kuirudisha siku ya pili kwa mkono, bila kupunguziwa alama.