Usukani Hupimwa Katikati

Nilikuwa nashuka mteremko wa Bugando, hapa Mwanza. Nilipobana breki zote mbili kwenye kona, uzito wa mwili ukaja mbele, na usukani ukageuka ndani ya shingo yake kama mchi kinuni. Sikuanguka, ila nilifika chini mikono ikiwa karibu na magoti. Kosa lilikuwa la kipimo, na nililibariki mwenyewe siku tatu kabla, pale nilipomwambia fundi, "Weka tu."

Baiskeli ni ya milimani, mtumba. Usukani wake wa awali, wa alumini, ulipinda nilipoanguka kwenye changarawe ya njia ya Kayenze. Chuma kikipinda kidogo waweza kukirudisha kikakuvumilia. Alumini hainyooshwi. Ukiilazimisha hubaki na ufa usiouona, nao hukua kwa kila shimo mpaka siku usukani unakatika bila hodi.

Kwenye rundo la spea nikauona usukani mzuri, mnyoofu, hauna mkwaruzo. Tatizo ulikuwa mwembamba kuliko mdomo wa shingo, nikimaanisha kile kiungo kinachoubana usukani na kuushikisha kwenye uma. Fundi akakata mikebe ya soda, akazungusha vipande vya bati mpaka mkebe wa tatu ukaisha, kisha akakaza bolti hadi kingo za kifuniko cha shingo zikagusana na shingo yenyewe.

Tufanye hesabu. Usukani ule una kipenyo cha milimita 25.4 katikati, yaani inchi moja kamili, kipimo cha baiskeli nyingi za milimani za miaka ya 1980 na 1990. Shingo yangu ni ya 31.8. Pengo ni milimita 3.2 kila upande, na bati la mkebe wa soda lina unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Lilitakiwa lizungushwe zaidi ya mara thelathini, nalo halikufika hapo. Ila kilichoniponza zaidi ni zile kingo kugusana. Zikishagusana, nguvu yote ya bolti inaishia kwenye kifuniko na usukani haubanwi tena. Waweza kukaza mpaka bolti ikatike, usukani utaendelea kucheza.

Huhitaji vifaa vya karakana kuujua ukubwa wa katikati. Azima futi ya fundi cherehani, ile tepu laini, uizungushe pale panapobanwa. Ukisoma sentimita 8, ni 25.4. Ukisoma 10, ni 31.8, ambao ndio umeenea kwenye baiskeli za kisasa. Sentimita 11 ni 35, kipimo kipya zaidi. Futi inashindwa mahali pamoja tu: haiwezi kutenganisha kwa uhakika 25.4 na 26.0 ya baiskeli za mbio za zamani, maana tofauti yake haifiki hata milimita 2 za mzunguko. Hapo tafuta vernia kalipa.

Miishoni, panaposhikwa na mikono, hakuna fumbo. Karibu usukani wote wa milimani ni milimita 22.2, sawa na pikipiki nyingi. Ndiyo maana mpira wa kushikia wa bodaboda unaingia bila ubishi, mradi uwe wa kushoto. Wa kulia una tundu kubwa kwa sababu hukaa juu ya bomba linalozungushwa kuongeza mafuta.

Kuhusu upana, siku hizi viwanda vinauza sentimita 74 hadi 80. Usukani mpana hukupa nguvu ya kulituliza gurudumu kwenye mawe, hilo sibishi. Lakini mimi hupita vijia vya Mabatini na Igogo, jiwe mkono huu, ukuta wa nyumba mkono ule, na jioni nimo kati ya daladala Barabara ya Kenyatta. Safari hii nilinunua wa 72, nikasogeza breki na mipira ndani, nikaendesha wiki nzima hivyo, ndipo nikakata sentimita 2 kila upande. Msumeno hausamehi, kwa hiyo anza na kusogeza. Ukishakata, piga tupa na uzibe matundu ya mwisho. Bomba lililo wazi likikuchoma tumboni wakati wa kuanguka ni kisu. Na kama unaongeza upana badala ya kupunguza, kwanza geuza usukani mpaka mwisho pande zote mbili uone kama waya za breki na gia zinafika.

Bolti nne za kifuniko zikazwe kwa kuvuka, kidogo kidogo, nafasi ya juu na ya chini zibaki sawa. Shingo nyingi zimeandikwa kipimo cha kukaza, mara nyingi kama Nm 5. Hiyo ni sawa na kuning'iniza kilo tano kwenye ncha ya ufunguo wa sentimita kumi. Ni kidogo kuliko mafundi wengi wanavyodhani.

Fremu, rimu, hata gia, nitanunua mtumba nikishakagua. Usukani wa alumini, hapana: hakuna anayejua umeanguka mara ngapi kabla ya kufika Mwanza. Kama mfuko haufikii mpya, chukua wa chuma pamoja na shingo yake, vitoke baiskeli moja.