Majengo imo makavazini, Kiswahili chake hakimo

Wiki mbili zilizopita nilimpeleka mwanafunzi wangu wa uzamili katika Makavazi ya Kitaifa, pale Moi Avenue. Anataka kuandika tasnifu kuhusu Kiswahili kilichozungumzwa Majengo, Pumwani, kabla ya uhuru. Alijaza fomu, akaletewa mafaili, akaketi na penseli yake. Saa tisa alasiri alinijia amenuna. "Prof, Majengo iko humu ndani," akaniambia, "lakini hakuna mtu anaongea."

Nilicheka, kisha nikaona hapakuwa na la kuchekesha. Waliohifadhiwa mle ni maafisa. Kuna ripoti zao za kila mwaka, taarifa za kukabidhiana ofisi, shajara za safari, na barua walizoandikiana na baraza la mji. Zote ni za Kiingereza. Katika kurasa hizo Majengo ni vyoo, kodi ya viwanja, pombe haramu na wanawake "wasio na waume". Ukizisoma kutwa nzima utajua kilichomkera afisa. Hutajua mwenye nyumba wa Majengo alimwambia nini mpangaji wake jioni hiyo hiyo.

Na kusema walisema! Mtaa huu ulianza mapema katika miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilipogawa viwanja na watu wakajijengea nyumba za udongo. Ndiyo asili ya jina Majengo. Walitoka kila pembe: Wakikuyu, Wakamba, Wamanyema, Wanubi, watu wa pwani, baadaye Wahaya kutoka Bukoba. Lugha yao ya sokoni, msikitini na kitandani ilikuwa Kiswahili. Huo ni umri wa karne moja wa Kiswahili cha bara, umbali wa kutembea tu kutoka makavazi, na ushahidi wake umeandikwa kwa lugha nyingine.

Mwaka 2011, wakati wazee wa Mau Mau wakiishtaki Uingereza, ilibainika kwamba serikali ya nchi hiyo ilikuwa imeficha mafaili ya makoloni yake huko Hanslope Park, yakiwemo takribani 1,500 yaliyohusu Kenya. Tulipaza sauti, na ilistahili: yarudi nyumbani! Ila wakati huo huo nilijiuliza, yakirudi yote, hata na yale yaliyochomwa yakafufuka majivuni, mwanafunzi wangu atasikia nini? Atamsikia afisa yule yule, safari hii kwa undani zaidi.

Kwa hiyo mtafiti hugeukia vitabu vya wale waliowahoji wakazi wenyewe. Kinachotajwa sana ni The Comforts of Home cha Luise White, kilichotoka mwaka 1990. White alifika Nairobi katika miaka ya 1970 akazungumza na wanawake wazee waliofanya umalaya Pumwani na Pangani enzi za ukoloni. Ni kitabu kikubwa, na nitakitetea mbele ya yeyote anayekibeza kwa sababu ya mada yake. White aligundua kwamba maneno ya Kiswahili ya wanawake hao yalikuwa na nadharia ndani yake, akayaacha jinsi yalivyo. Malaya alikaa chumbani mwake, akampa mwanamume chai, chakula, maji ya kuoga na mazungumzo pamoja na kitanda. Watembezi walitafuta wateja barabarani. Wazi-wazi waliketi nje ya milango yao na kutaja bei bila kificho. Afisa aliwaweka wote katika kapu moja. Kiswahili cha Majengo kiliwatofautisha kwa mahali pa kazi na namna ya kulipwa, kama mhasibu.

Baadaye, katika Speaking with Vampires cha mwaka 2000, White alilifuata neno jingine: wazimamoto. Watu wa Nairobi waliamini kwamba wazimamoto waliteka watu usiku na kuwanyonya damu. Nenda kalitafute hilo makavazini chini ya "Fire Brigade". Nadhani utapata bajeti ya mipira ya maji.

Lakini hapa ndipo lalama yangu inapoanza. Ukiondoa maneno hayo machache, wanawake wa White wanazungumza Kiingereza ukurasa baada ya ukurasa. Maneno ya Kiswahili yamebaki kama visiwa. Msomaji atasema, basi, si ni tafsiri tu, maana imefika? Haijafika yote. Chukua kitenzi kimoja. Kwa Kiingereza mwanamke na mwanamume "marry" sawasawa. Kwa Kiswahili mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Sasa kitabu hiki kinashikilia kwamba wanawake wengi wa Majengo walikuwa wakuu wa kaya, wakajenga nyumba zao na kuchagua warithi wao. Je, mwanamke wa aina hiyo, mwenye nyumba yake na pesa zake, alisema aliolewa, au alithubutu kusema alioa? Alisema nilijenga au nilijengewa? Na huyo aliyemwita bwana alikuwa mume, mpenzi, mwajiri, au mteja tu aliyeheshimiwa? Jibu la hoja nzima ya kitabu lingeweza kulala katika kiambishi kimoja, na kiambishi hicho hatunacho mbele yetu.

Wanaisimu nao wanaumia. Tumegombana miaka mingi kuhusu chanzo cha Sheng: wapo wanaoiona kama mtoto wa miaka ya 1970, wapo wanaoirudisha nyuma hadi miaka ya 1930, na wote tunaielekeza Eastlands. Tunagombana bila matini. Kizazi kilichozungumza Kiswahili cha Majengo cha miaka ya 1930 kilihojiwa kikiwa hai, na tulichochapisha kutoka kwake ni Kiingereza safi chenye alama za nukuu.

Msomaji asidhani namlaumu mgeni peke yake. Mimi pia nimo.

Katika miaka ya 1980, nikiwa mwanafunzi, nilikwenda nyanjani Majengo na redio ya kaseti niliyoazima. Nilikaa na bibi mmoja barazani pake siku nne. Alinipa kaimati, akanicheka kwa matamshi yangu ya kibara, akanieleza alivyofika Nairobi kwa miguu na alivyokata kiwanja. Tasnifu ilitakiwa kwa Kiingereza, nami sikuuliza kwa nini. Nilitafsiri moja kwa moja nikisikiliza, bila kunakili Kiswahili kwanza, kwa vile muda ulikuwa mfupi na karatasi ghali. Nilipomaliza, nilirekodi juu ya kaseti mbili. Nyingine mbili ziliota kuvu katika sanduku chini ya kitanda.

Mwanafunzi wangu ameisoma tasnifu hiyo. Juzi alikuja ofisini ameifungua pale bibi anapomtaja dereva mmoja wa lori. Nimeandika: "I kept him for nine years."

"Shikamoo Prof. Hapa alisema nini hasa?"

Nikamwambia alisema nilimweka. Kisha nikasita. Inawezekana alisema nilikaa naye. Inawezekana pia alisema aliniweka, yaani yeye ndiye aliyewekwa kinyumba, nami, kijana niliyevutiwa na wanawake wenye nyumba zao, nikaigeuza sentensi bila kujua. Bibi alifariki zamani. Nyumba yake ilibomolewa, na leo pamesimama ghorofa.

Kijana aliandika maneno yote matatu pembeni mwa ukurasa, kwa penseli, akaweka alama ya kuuliza mbele ya kila moja.