Bibi Hakuwa Mweupe

Mama aliitazama ile picha, akaigeuza kuelekea dirishani, kisha akauliza, "Mbona umemfanya bibi yako mweupe?"

Nilikuwa nimehangaika nayo wiki tatu. Niliichora kwa rangi za maji kutoka kwenye picha ndogo ya pasipoti, isiyo na rangi, ambayo ndiyo picha pekee ya bibi tuliyo nayo. Nikajitetea kwamba rangi za maji hupauka zikikauka. Ni kweli hupauka, na anayeanza hujikuta kila mara amepaka pungufu. Lakini sababu yangu haikuwa hiyo. Niliogopa.

Kitu cha kwanza anachoambiwa mwanafunzi wa rangi hizi ni kwamba nyeupe haipakwi, inaachwa. Mwanga ni karatasi yenyewe. Unaanza na rangi nyepesi, unasubiri ikauke, unaongeza kivuli. Sina ugomvi na kanuni hiyo. Ugomvi wangu ni na uso unaotumika kuifundishia. Karibu masomo yote niliyofuata yalianza na uso wa Mzungu: karatasi inabaki wazi sehemu kubwa, mashavu yanapata wekundu kidogo, kivuli chini ya pua, basi. Uso mweusi, ukija, unakuja mwishoni kama zoezi la ziada, na ushauri ni kuongeza kahawia. Nikaongeza tabaka juu ya tabaka mpaka bibi akawa tope. Jaribio lililofuata nikaacha mapema, na ndilo alilolishika mama.

Nikaanza kuwatazama waliotangulia (kwenye simu, tena yenye kioo kilichopasuka, nihukumiwe kwa kadiri hiyo). Mwaka 1899 Mmarekani Winslow Homer alichora After the Hurricane, Bahamas: mwanamume mweusi amelala mchangani kando ya mashua iliyovunjika. Homer hakuionea haya ngozi ile. Ameiacha iwe na uzito, na jua likae juu yake. Hata hivyo, kwa mtu anayetafuta sura, picha hiyo inaishia njiani. Ule ni mwili ndani ya mandhari, kama ile mashua na ule mchanga. Yule mtu ni nani, picha haiulizi.

Marlene Dumas ndiye aliyenikosesha usingizi. Alizaliwa Cape Town mwaka 1953, akahamia Uholanzi mwaka 1976. Kazi yake ya 1991–92, Black Drawings, ni nyuso 111 za watu weusi zilizochorwa kwa wino na maji, zikipangwa pamoja ukutani. Hapo nyeusi si rangi moja. Maji yanausukuma wino hadi kwenye taya, unatuama, unakauka na ukingo mkali. Kwenye paji la uso umekuwa kama moshi. Haongezi kiza juu ya uso mweupe, kama nilivyokuwa nikifanya mimi. Anaanzia kwenye kiza, na mwanga unatafuta pa kupita.

Lakini hakuna hata mmoja mwenye jina. Mchoraji mweupe wa Afrika Kusini anachukua picha za watu, anaziweka ukuta mmoja, anaziita nyeusi. Watetezi wake husema kila uso pale unagoma kuwa kundi. Nakubali nusu. Nimewahi kuziziba nyingine kwa kidole gumba nibaki na uso mmoja tu, na hapo ndipo kazi hiyo inapoanza kunisemesha. Sijui kama hiyo ni sifa kwa Dumas au kwa kidole changu.

Jaribio la tatu nilichanganya sienna iliyochomwa na buluu ya ultramarini kwenye kisosi, nikalowesha uso wote, nikaachia rangi nzito itembee. Niliacha sehemu tatu tu kavu: paji la uso, mgongo wa pua, mdomo wa chini. Mkono ulitetemeka. Mtu aliyekulia mahali ambapo "umekuwa mweupe siku hizi" ni pongezi anajua kwa nini.

Mama aliikuta mezani imekauka. Rangi hakuitaja.

"Ni yeye," alisema. "Ila hakuwahi kukaa na mdomo umefungwa hivyo."

Nikamwambia ndivyo ilivyo kwenye picha.

"Picha ya pasipoti hiyo, mwanangu. Aliambiwa aufunge."